Mgeni Aliyezaliwa Hapa Hapa

Kasongo, tarehe 14 Novemba

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu
Chuo cha Juu cha Afya na Lishe
Kasongo

Jambo: Malalamiko juu ya mapokezi yaliyokatizwa siku ya Alhamisi, na ombi la kutambuliwa rasmi kuwa mgeni

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Nakutumia zote nilizo nazo, pamoja na chache nilizoazima kwa jirani, maana zangu zimepungua tangu Alhamisi iliyopita.

Naitwa Ismaël Amisi, mwana wa Mama Nuru, yule anayeuza samaki wa Nyangwe kando ya njia inayoingia mjini kutoka upande wa Kabambare. Nina miaka thelathini na tisa na lisansi, yaani shahada, ya biokemia, ile elimu ya yale yanayotendeka ndani ya mwili wakati mwenye mwili anaendelea na shughuli zake. Kwa miaka sita nimekuwa nikiomba nafasi ya kufundisha somo hilo katika Chuo chako. Wewe unanifahamu vizuri sana. Hilo ndilo tatizo langu, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Katika barua yako ya Ijumaa umeniambia kwamba "nimekidanganya Chuo kwa kujifanya mgeni", na kwamba kwa sababu hiyo dosye yangu, yaani jalada la maombi yangu, imefungwa. Nimeisoma barua hiyo mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimesimama. Naomba uniruhusu nikuonyeshe kwamba sikumdanganya mtu yeyote, na kwamba katika shauri hili aliyekosewa ni mimi. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, ili Bwana Placide, katibu wako, apate urahisi wa kuyapoteza moja moja.

1. Juu ya kuzaliwa kwangu

Nakiri kwamba nilizaliwa Kasongo. Sikuombwa ushauri. Nilipopata akili ya kuuliza nilikuta jambo limeshafanyika, na mashahidi ni wengi mno kulikanusha.

Matokeo yake ni kwamba kila mtu katika kamati yako ya ajira ananijua tangu nikiwa na kamasi. Bwana Placide alikaa dawati moja na mimi sekondari, na kila dosye yangu inapofunguliwa huwakumbusha wenzake kwamba mwaka wa tatu nilianguka katika kemia. Ni kweli. Nilianguka. Yeye alipita, kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa kushoto wa Mathieu, bingwa wa darasa, na mimi upande wa kulia, na Mathieu alikuwa akiandika kwa mkono wa kulia. Mama mke wako alinifundisha darasa la pili, na ninasikia alipoulizwa juu yangu alisema mtoto yule alikuwa na adabu ila alikuwa anakula chaki. Nilikula chaki. Leo naweza kueleza chaki ile ilipita wapi ndani ya mwili wangu, ilikutana na asidi gani tumboni na ikageuka kuwa nini, lakini katika miaka sita hakuna aliyeniuliza.

Nimeleta dosye sita. Kila moja ina barua, nakala ya diploma, cheti cha tabia njema na picha mbili ndogo. Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano wa miaka, Bwana Mkurugenzi, utaona nywele zikirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Kama Chuo hakina haja na mimi, basi picha zibaki, zinaweza kusaidia somo la uzee.

2. Juu ya desturi ya wageni

Somo la biokemia katika Chuo chako hufundishwa na profesa mgeni, ambaye sisi wote humwita visiteur. Huyu hutoka Kinshasa au Bukavu, hushuka Kindu kwa ndege, kisha hutupwa na barabara mpaka akatufikia siku atakayotufikia. Saa sitini za somo hutolewa kwa siku kumi. Jumatatu wanafunzi wanajua sukari. Jumatano wamemaliza protini. Ijumaa wale wa Kiislamu wanakimbia msikitini na kurudi wakakuta mafuta yameshapita. Siku ya kumi wote wanafanya mtihani, mgeni anaondoka na karatasi ndani ya sanduku, na alama zinarudi baada ya miezi saba. Mwaka juzi zilirudi za chuo kingine, na nyingi zilikuwa nzuri, kwa hiyo mlizipokea.

Wakati wa mgeni jenereta huwashwa. Darubini ya Chuo, ambayo ni moja, hutolewa kabatini mwako, hupanguswa, hupigwa picha pamoja na mgeni, kisha hurudishwa na kufungiwa. Mimi nimeiona mara tatu, na mara zote tatu ndimi niliyeibeba.

Mwaka uliopita alikuja Profesa Christophe, mtu mwema, sina neno naye. Siku ya pili joto lilimlaza. Bwana Placide akaja nyumbani kwangu mbio, akanikuta nachambua sombe, majani ya muhogo, akaniambia: "Prof anapumuzika. Weye kuya, endelea na protini." Nikanawa mikono, nikaendelea na protini. Nikaendelea na mafuta. Nikaendelea na vimeng'enya, vile vifanyakazi vidogo vya mwilini ambavyo huharakisha kila kitu na havitajwi popote, na katika sura hiyo, naomba radhi, nilisema kwa uchungu zaidi kuliko inavyotakiwa na sayansi. Kwa ujumla nilifundisha saa arobaini na sita kati ya sitini. Katika daftari la masomo saa zote zimeandikwa kwa jina la Profesa. Wanafunzi walipoulizwa maoni yao, waliandika kwamba mwaka huu Profesa ameeleza vizuri sana, hasa kuanzia siku ya pili.

Niliipeleka habari hiyo nyumbani kama furaha. Mke wangu, Esther-Divine, alicheka pamoja nami. Kisha akaniambia ananipa mpaka Noeli. Nikipata nafasi ya kufundisha, tutabaki. Nisipopata, tutahamia Lubumbashi kwa kaka yake, ambaye ana duka la misumari na yuko tayari kunisimamisha nyuma ya meza. Sina dharau kwa misumari. Lakini sitaki kwenda, Bwana Mkurugenzi. Nataka kufundisha biokemia hapa, kwa watoto wa hapa, kabla sijaisahau. Hayo ndiyo ninayoyatafuta, sina kingine.

3. Juu ya somo la majaribio

Kusema kweli, mara moja mlinipa nafasi. Mwezi wa tatu mliniita nitoe somo la majaribio mbele ya kamati, dakika ishirini, na mada mkaniachia nichague mwenyewe. Nikachagua muhogo mchungu. Niliona hakuna kitu kinachotuhusu kuliko hicho. Nikaeleza vizuri sumu iliyo ndani yake, namna inavyofungwa na sukari, namna kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinavyoifungua muhogo unapoloweshwa, na namna inavyotoka na kupotea hewani. Nilikuwa nimechora ubaoni kwa rangi tatu. Nilijisikia mtu.

Kisha nikasema kwamba, kwa hesabu ya vitabu, kuulowesha saa ishirini na nne kunatosha.

Mama Clémentine, mwekahazina wa Chuo, ambaye yumo katika kamati na ambaye unga wake tunakula sisi sote, alivua miwani. Akasema: "Weye Ismaël, unataka kuua watu? Siku ine. Siku ine ndani ya maji, na unafinya na kidole. Kama haijalainika, unaacha." Kamati ikacheka mpaka Padri, ambaye naye ni mjumbe, akatoa leso. Nilipewa tisa kwa ishirini.

Hapa sina budi kukiri jambo linalodhoofisha malalamiko yangu: Mama Clémentine alikuwa amesema kweli. Muhogo ukitolewa mapema watoto hupooza miguu, na mimi nilijua, nilikuwa nimesoma. Lakini kitabu nilichokisoma kilieleza muhogo uliokatwa vipande vidogo kwa mashine, si huu wetu unaozamishwa mzima, na mimi katika maisha yangu yote sijalowesha muhogo hata mmoja. Katika nyumba yetu wavulana walikuwa wanaitwa wakati wa kula tu. Kwa hiyo nilikosea kosa ambalo msichana wa miaka tisa wa Kasongo hawezi kulikosea, tena nililikosea kwa rangi tatu.

Kinachonisumbua ni yaliyofuata. Mwezi wa tano alikuja profesa mgeni mwingine, akafundisha muhogo huo huo, akasema saa ishirini na nne. Mama Clémentine alikuwapo, alikuwa ameleta chai. Mimi, niliyekuwa nimebeba darubini, nilimtazama ili nione miwani ikivuliwa. Akatikisa kichwa polepole, akasema: "Sayansi imeendelea." Nyumbani kwake bado analowesha siku nne, namshukuru Mungu, kwa usalama wa mji mzima. Lakini profesa yule hakupewa tisa. Alipewa mbuzi.

4. Juu ya anwani

Nafika sasa kwenye udanganyifu wangu. Naomba uusome ukiwa umetulia.

Mwezi wa tisa nilikwenda Wamaza kumsaidia mjomba wangu kufyeka shamba. Kule, jioni moja mikono ikiwa imejaa malengelenge, nikaandika ombi langu la saba. Sikubadilisha jina. Sikubadilisha diploma. Sikubadilisha hata picha, nilitumia zilizobaki katika zile za dosye ya sita. Nilipofika mahali pa kuandika anwani, badala ya "Kasongo" nikaandika "Wamaza, eneo la Kabambare", kwa kuwa ndiko nilikokuwa nimekaa wakati huo, juu ya kigogo. Ni hivyo tu.

Dosye zangu sita za kwanza hazijajibiwa kwa barua mpaka leo. Ya saba ilijibiwa siku ya tisa. Bwana Placide aliiweka kwenye fungu la wageni, na kutoka hapo kila mtu aliyeishika aliona mgeni. Barua yako, ambayo ninayo na nimeifunika kwa nailoni, inaanza na maneno "Mheshimiwa Profesa". Mimi niliandika kwamba nina lisansi. Uprofesa mlinipa ninyi. Mlisema Chuo kimevutiwa na sifa zangu, ambazo zilikuwa zile zile mlizokwisha kuzikalia mara sita. Mlinipangia Alhamisi ya kupokelewa, na mkaniuliza kama natumia pilipili.

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: katika barua hizo mbili, yangu na yako, ni ipi iliyosema uongo?

5. Juu ya Alhamisi

Barua yako ilinikuta nimeshafika Kasongo, imepitia Wamaza na kunirudia. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho kila mtu mwaminifu angefanya: nilisafiri siku nzima kurudi Wamaza, ili nipate mahali pa kutokea. Mama nilimwambia nakwenda kumsalimu mjomba tena. Alinipa samaki wa kumpelekea.

Alhamisi nikaja. Sitakuficha kitu. Nilivaa koti la mjomba, ambalo ni la sufu, na miwani myeusi. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara haikuwa na vumbi, nikaona mgeni bila vumbi hataaminika, basi tulipobakiza kilima kimoja nikamwomba mwenye pikipiki asimame, nikachota udongo mkavu chini ya mti nikajipaka mabegani. Yeye alitazama upande mwingine kwa adabu. Tulipoanza kuona mabati ya mji, nikamwuliza kwa Kifaransa mji ule unaitwaje. Mwenye pikipiki ni binamu yangu. Alinijibu kwa Kifaransa kwamba unaitwa Kasongo, na tangu siku ile hajaniuliza lolote, jambo ambalo ni baya kuliko maswali.

Mlikuwa mmejipanga kando ya njia. Kulikuwa na kitambaa kilichoandikwa "Karibu Profesa". Kulikuwa na maua ndani ya ndoo, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiimba. Ulikuja mbele na suti yako ya bluu, ukaushika mkono wangu kwa mikono miwili, ukasema karibu kwetu, Profesa, tumekungoja sana. Ubeti wa kwanza wote niliusikiliza mkono wangu ukiwa mikononi mwako. Nakuambia wazi, Bwana Mkurugenzi: nilifurahi. Ilikuwa miaka kumi na minne tangu nipate diploma ile, na kwa muda wa ubeti mmoja nilikuwa mtu niliyesomea kuwa. Nikajibu kwa Kifaransa kwamba nchi yenu ni nzuri.

Kosa langu, kama kuna kosa, ni kwamba sikufikiri mahali. Mlijipanga hatua kumi na tano kutoka meza ya samaki ya mama yangu.

Mama Nuru alikuwa amesimama kuangalia mgeni pamoja na watu wengine. Alitazama koti, akatazama mwendo, akavuka njia akiwa bado na kisu cha samaki mkononi. Akasema: "Ismaël, Wamaza ulishachoka nayo? Na udongo hii, ulianguka? Kuya mutoto wangu, ule, chakula iko."

Wanafunzi walisimamisha wimbo katikati ya neno. Nikavua miwani, kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Wewe uliutazama mkono wangu ambao ulikuwa bado umeushika, ukauachia, ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Kumbe iko weye tu."

Bwana Placide akakunja kitambaa. Mama Clémentine akanipokonya maua niliyokuwa nimeshapewa, akayarudisha kwenye ndoo. Mimi nikamfuata mama yangu. Samaki alikuwa mzuri. Nilikula kwa hasira, lakini nilikula.

Ninachokiuliza, na ninakiuliza bila kejeli, ni hiki: kati ya ubeti wa kwanza na ubeti wa pili, ni kitu gani kilichopungua katika biokemia yangu?

6. Maombi yangu

Kwa kuwa Chuo kinahitaji wageni, na kwa kuwa mimi nahitaji kazi, sioni ugumu. Naomba Chuo kitoe uamuzi wenye muhuri kwamba kuanzia tarehe ya leo mimi si wa hapa. Uamuzi huo ubandikwe sokoni, msikitini na kanisani, na watu wakatazwe kunisalimu kwa jina muda wote wa mihula. Nitakubali kupotea njiani mara mbili kwa wiki mbele ya mashahidi.

Mama yangu nimeshazungumza naye. Amekubali kutonifahamu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, isipokuwa saa za chakula. Siku ya Jumapili atanifahamu mara mbili, kufidia. Nilipomweleza sababu aliniuliza kama mkubwa wa Chuo ana mama. Nilimjibu kwamba nadhani anaye, ila hayupo Kasongo.

Hapo ndipo nilipofanya uchunguzi. Wewe, Bwana Mkurugenzi, ni mzaliwa wa Bukavu. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa wivu. Hakuna mtu katika mji huu anayejua ulikula nini darasa la pili. Bwana mkuu wa masomo ni wa Kindu. Mlinzi wa lango ni wa Nyangwe, na ndiyo maana lango analifungua kwa mamlaka kubwa vile. Kanuni imekamilika, imebaki kuifuata mpaka mwisho. Kama mwalimu wa hapa hafai kwa sababu ni wa hapa, basi na wanafunzi wa hapa watazamwe upya. Wapelekwe Wamaza, na wa Wamaza waletwe kwetu, watasikiliza vizuri zaidi. Wagonjwa nao: nani anaweza kumheshimu mgonjwa ambaye amemjua akiwa mzima? Watibiwe mbali, tupokee wa mbali. Hata muhogo, tule wa Kabambare na wao wale wetu, uliolowekwa siku nne na mtu ambaye hatumjui. Mwisho wa yote hatabaki mtu kwao, kila mmoja atakuwa mgeni wa mwenzake, wote tutakaribishwa kwa nyimbo, na kwa msongamano utakaokuwapo njiani itabidi barabara itengenezwe.

Kama hayo yote ni mazito, basi nina ombi dogo. Nipeni saa sitini. Si siku kumi, mwaka mzima, polepole, mpaka mwanafunzi aliye nyuma kabisa aelewe. Jenereta isiwashwe. Darubini ibaki kabatini, nitaichora. Mama Clémentine aje darasani siku ya muhogo afundishe yeye, mimi nitakaa na wanafunzi niandike. Sitadai mbuzi.

Nakuomba usinione mtu wa kinyongo. Ningekuwa na kinyongo ningeshakwenda Lubumbashi zamani.

Kwa hayo machache, ambayo yamekuwa mengi kwa sababu ya miaka sita, naiacha barua hii mikononi mwako nikiamini utaisoma mwenyewe kabla ya Bwana Placide. Unisalimie Mama mke wako, na umwambie kwamba chaki nimeacha. Nisalimie kamati yote, Padri na leso yake, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioimba vizuri, na mlinzi wa lango. Esther-Divine anawasalimu. Mama yangu anawasalimu pia na anasema mkijipanga tena pale mbele yake mnunue samaki.

Mimi wako mtiifu, wa mbali kadiri itakavyowezekana,

Ismaël Amisi
Lisansi ya biokemia

Nakala kwa:
– Mama Clémentine, mwekahazina, kwa maelewano
– Bwana Placide, katibu, kwa kuipoteza
– Mama Nuru, atasomewa

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Bahasha ilikuwa imeshatiwa gundi, nimelazimika kuipasua. Leo asubuhi nimepigiwa simu kutoka kwenye chuo kipya kilichofunguliwa Kabambare mwaka juzi. Wamesikia kwamba Kasongo kuna mtaalamu wa biokemia aliyepokelewa kwa wimbo na kitambaa. Inaonekana habari ilivyosafiri ilibaki na ubeti wa kwanza tu. Wananitaka niende kuwa visiteur wao, saa sitini kwa siku kumi, kuanzia Jumatatu, na kila mwaka baada ya hapo. Esther-Divine amesema hiyo ni nafasi, na kwamba habari ya Lubumbashi imekwisha.

Nilimwuliza mkurugenzi wao kama kule hakuna mtu anayelijua somo hilo. Akanijibu: "Mumoja iko, Mathilde. Lisansi iko nayo, anafundisha hapa tangu miaka mbili. Lakini ni mutoto wa hapa tu, Prof. Usijali, yeye atakubebea mufuko."

Nilijua kabisa linalotakiwa kusemwa, nilikuwa nimetoka kuliandika kurasa nzima, wino haujakauka vizuri. Nikasema nitafika Jumapili. Nimeona aibu kubwa na nimefunga sanduku, yote mawili asubuhi hii hii.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu, namba moja mpaka tano, yasimamishwe kwa siku kumi. Namba sita uiache wazi, lakini si kwa ajili yangu. Nimemwandikia Mathilde barua, ambayo itatangulia na binamu yangu mwenye pikipiki, nikamshauri alete kwako ombi la nafasi hii ninayoililia, haraka, na anwani yake ya Kabambare aiandike kwa herufi kubwa. Sikumweleza mengi. Itakapokufikia, tafadhali umpokee vizuri, Bwana Mkurugenzi. Nasikia ni mwalimu hodari, na hapa Kasongo hakuna hata mtu mmoja anayemjua.